Sura ya Saba: Mwajiri Aliyejificha Nyuma ya Ankara

Watu wa Kebirigo waliijua kampuni kabla vijana wao hawajaanza kusajili za kwao. Kiwanda cha chai kinachobeba jina la soko hilo, sawa na vile vya Sanganyi, Tombe, Gianchore na Nyansiongo katika kaunti hiyohiyo ya Nyamira, ni kampuni ya hisa, na wenye hisa ni wakulima walewale wanaopeleka majani mabichi kwenye kituo cha kupimia. KTDA inasimamia, bodi inachaguliwa, bonasi inasubiriwa kila mwaka kwa matumaini na kupokewa kwa manung'uniko, na mkulima ambaye hajawahi kusoma mizania anajua kwamba pale yeye ni mwenye mali. Sura hii inahusu kampuni ya aina nyingine. Ina mwenye hisa mmoja, ambaye ndiye mkurugenzi, ndiye mfanyakazi, na mara nyingi ana mteja mmoja tu. Sheria ya Kampuni ya 2015 ndiyo iliyomruhusu mtu mmoja aunde kampuni ya binafsi peke yake. Ile ya zamani, Sura ya 486, ilitaka wawe wawili au zaidi, na wengi walitimiza sharti hilo kwa kuandika jina la mke au la kaka. Leo kazi hiyo inafanyika saiba kupitia eCitizen, kijana akiwa ameketi kando ya mwenye kompyuta, na cheti kinakuja kwa baruapepe.

Anasajili kwa nini? Wengine wanatafuta tenda. Tangu mpango wa AGPO uzinduliwe mwaka 2013, asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na anayetaka kuonja fungu hilo anahitaji biashara iliyosajiliwa, PIN ya KRA na cheti cha kutimiza masharti ya kodi. Fundi wa ujenzi naye anasukumwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo haiwatambui wanakandarasi ila waliosajiliwa katika mojawapo ya madaraja yake, kuanzia NCA 1 hadi NCA 8. Watu hao wana biashara, au angalau wana nia ya kuwa nayo, na sina ugomvi nao. Lakini lipo kundi la tatu linalozidi kukua. Ni mtaalamu wa kompyuta, msimamizi wa mradi, mpima ardhi, mhasibu, fundi wa maabara, ambaye ameambiwa kazi ipo lakini aje na kampuni yake. Atafika kazini saa mbili asubuhi kama wenzake, atatumia meza ya ofisi, ataomba ruhusa akitaka kwenda msibani, na mwisho wa mwezi, badala ya kupokea hati ya mshahara, ataandika ankara. Hoja yangu ni kwamba mpango huu, ambao huuzwa kwa kijana kama ujanja wa kukwepa kodi, nchini Kenya unampunguzia kipato yeye na kumnufaisha anayemlipa. Kwa hiyo sheria ikitaka kuurekebisha, imshike anayelipa.

Tuanze na sheria yenyewe jinsi ilivyo. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, inamtaka mtu anayelipia huduma za usimamizi, za kitaaluma au za ushauri azuie asilimia 5 ya malipo ikiwa mlipwaji ni mkaazi wa Kenya na malipo ya mwezi yamefika Sh24,000. Kwa kazi za ujenzi na uhandisi kiwango ni asilimia 3. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, pesa hiyo lazima ifike KRA ndani ya siku 5 za kazi. Katika kuyafafanua malipo hayo ya kitaaluma, sheria inayataja kwa upana mkubwa, ikijumuisha hata huduma za kikandarasi, kisha inaweka kizuizi kimoja: yasiwe malipo ya mwajiri kwa mwajiriwa wake. Hapo ndipo kila kitu kinapogeukia. Ukiwa mwajiriwa, unaingia kwenye PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, na anayekulipa anageuka wakala wa serikali kila mwezi. Usipokuwa mwajiriwa, anakata asilimia 5 na kuosha mikono. Na kampuni, kwa kuwa ni mtu mwingine machoni pa sheria, haiwezi kuwa mwajiriwa wa yeyote. Kijana wa Kebirigo akiivaa, amegeuka mwajiriwa wa kampuni yake mwenyewe, na wajibu wa PAYE umehamia kwake bila yeye kuambiwa.

Hesabu itaonyesha uzito wa jambo hili. Tuchukue malipo ya Sh100,000 kwa mwezi na viwango vilivyoanza kutumika Februari 2025. Mwajiriwa wa kawaida atakatwa Sh4,320 za NSSF, Sh2,750 za bima ya afya ya SHIF, na Sh1,500 za ada ya nyumba. Makato hayo yote matatu sasa yanaondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kupigwa, kwa hiyo anatozwa kodi juu ya Sh91,430. Asilimia 10 kwa Sh24,000 za kwanza, asilimia 25 kwa Sh8,333 zinazofuata, asilimia 30 kwa zilizobaki, kisha unaondoa nafuu ya Sh2,400: PAYE inakuwa Sh19,812. Anakwenda nyumbani na Sh71,618. Mwenzake mwenye kampuni anaona Sh95,000 zikiingia benki, kwa sababu zimekatwa zile asilimia 5 peke yake. Tofauti ni zaidi ya Sh23,000 kila mwezi, na kwa tofauti hiyo watu hununua pikipiki, huezeka nyumba, hulipa karo, kisha husimulia wenzao kwamba kampuni ndiyo njia. Lakini kodi ya zuio kwa malipo haya si kodi ya mwisho. Ni malipo ya awali tu. Kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida, na kama hakuna gharama zilizothibitishwa, faida ya mwaka ni Sh1,200,000 nzima, kodi yake Sh360,000, zilizozuiwa Sh60,000, deni lililobaki Sh300,000. Sheria ilitaka deni hilo lilipwe kwa mafungu manne ndani ya mwaka, lakini hakuna aliyemkumbusha.

Halafu pesa iliyobaki bado si yake. Ni ya kampuni. Akiitoa kama mgawo wa faida inakatwa asilimia 5 nyingine, na kwa hivyo katika kila Sh100,000 anabaki na Sh66,500. Linganisha na Sh71,618 za mwajiriwa, ambaye juu ya hapo ana Sh8,640 zilizoingia NSSF kwa jina lake, nusu yake zikitoka mfukoni mwa mwajiri. Wahasibu watasema kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayefanya hivyo, kwamba mkurugenzi mwerevu hujilipa mshahara mdogo usiofikiwa na kodi, kisha huchukua kilichobaki kama mgawo. Haya, tufanye hivyo. Ajilipe Sh24,000. Kampuni italipa pia sehemu yake ya NSSF, Sh1,440, ada ya nyumba Sh360 na Sh50 za mafunzo ya viwanda. Yeye baada ya makato yake atapata Sh21,540 bila PAYE hata senti. Faida ya kampuni inashuka hadi Sh74,150. Ondoa kodi, ondoa zuio la mgawo, zinabaki Sh49,310. Jumla ni Sh70,850, bado chini ya mwajiriwa. Ili ampite itabidi amwajiri na mkewe kwa mshahara kama huo. Hapo nyumba itapata kama Sh75,200, yaani nyongeza ya Sh3,600 hivi, kwa sharti kwamba mke huyo anafanya kazi ya kweli katika kampuni, maana sheria hairuhusu gharama isiyotumika kutafuta mapato. Na kila mwezi, kabla ya tarehe 9, kuna ritani ya PAYE ya kujazwa na kampuni yenye watu wawili, mmoja wao akiwa shambani anachuma chai.

Gharama ya kuendesha kitu hiki haimo katika hesabu hiyo. Mtu binafsi anayechelewesha ritani ya mwaka anatozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi, kinachozidi. Kampuni inatozwa Sh20,000 au asilimia 5, kinachozidi. Kampuni iliyosajiliwa kwa ajili ya tenda moja ambayo haikupatikana, ikasahauliwa, inaendelea kulimbikiza faini hiyo mwaka baada ya mwaka, na mwenyewe huigundua siku anapohitaji cheti cha KRA kwa jambo lingine. Serikali iliwahi kutaka kwenda mbali zaidi. Kodi ya kima cha chini ya asilimia 1 ya mauzo, iliyoanza Januari 2021, ingezitoza hata kampuni zilizopata hasara, mpaka Jaji George Odunga alipoitangaza kuwa kinyume cha Katiba huko Machakos mnamo Septemba mwaka huohuo, katika kesi ambayo wenye baa wa Kitengela walikuwa miongoni mwa walalamishi. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye Desemba 2022. Ni vyema kukumbuka kwamba walioiokoa kampuni ndogo walikuwa watu wa baa.

Basi, kama mfanyakazi hapati kitu, ni nani anayepata? Turudi kwenye Sh100,000 zilezile. Mwajiriwa anamgharimu mwajiri Sh105,870 ukiongeza NSSF, ada ya nyumba na zile Sh50. Kampuni ya kijana inamgharimu Sh100,000 kamili. Sh5,870 kwa mwezi si nyingi, na kama mambo yangeishia hapo nisingeandika sura. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa siku 21 za likizo yenye malipo kila mwaka, likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, malipo ya siku za ugonjwa, notisi kabla ya kuachishwa, sababu ya kuachishwa, na kama nafasi imefutwa, mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Kampuni haiugui wala haizai. Kampuni haifukuzwi kazi, bali mkataba wake hauongezwi muda. Sheria hiyo, katika kifungu cha 37, inamkinga hata kibarua: akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, mahakama inaweza kumhesabu kuwa mwajiriwa wa malipo ya kila mwezi, mwenye haki ya notisi. Kwa hiyo mchuma chai wa kutwa ana ngao ambayo mhandisi mwenye kampuni ameivua mwenyewe kwa kutia sahihi. Anaweza kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kudai kwamba karatasi zilikuwa kiini macho, na majaji huangalia hali halisi kuliko jina la mkataba, lakini hapo atakuwa tayari hana kazi, na upande wa pili utainua cheti chake cha usajili juu na kuuliza hiki ni cha nani.

Waingereza walianza kulihangaikia jambo hili mapema kuliko sisi, na makosa yao yanatufaa kuliko mafanikio yao. Kule kampuni ya mtu mmoja ilikuwa na faida kubwa ya kikodi, kwa sababu kodi ya kampuni ndogo ilikuwa chini sana kuliko ya mshahara na mgawo wa faida haukutozwa michango ya bima ya taifa. Mwezi Machi 1999 serikali ilitoa tangazo la bajeti lenye nambari IR35, na jina hilo likaganda. Kanuni zilipoanza Aprili 2000 zilisema: chukulia kwamba kampuni haipo, kama mtu huyu angekuwa mwajiriwa wa mteja wake, basi atozwe kodi kama mwajiriwa. Kosa lilikuwa pale kanuni zilipomwachia mfanyakazi kazi ya kuamua. Mwenye kampuni ndiye aliyejipima, na mteja akabaki ameketi pembeni. Watangazaji wa televisheni walipelekwa mahakamani mmoja mmoja: Christa Ackroyd, aliyekuwa na mkataba wa miaka 7 na BBC, alishindwa mwaka 2018, Lorraine Kelly wa ITV alishinda mwaka uliofuata. Kesi moja moja namna hiyo ziliila miaka na kuwatajirisha mawakili. Ndipo mwaka 2017 jukumu la kuamua likahamishiwa kwa mteja kama ni taasisi ya umma, na Aprili 2021 likawafikia wateja wakubwa na wa kati wa sekta binafsi. Serikali ya Liz Truss ilitangaza Septemba 2022 kwamba itayafuta mabadiliko hayo, na baada ya wiki chache tangazo hilo likafutwa nalo. Uamuzi ukabaki mikononi mwa mteja.

Afrika Kusini ni karibu zaidi, na kwa maoni yangu kanuni yake ni safi zaidi. Nyongeza ya Nne ya sheria yao ya kodi ya mapato inaitambua kampuni inayotoa huduma ya mtu binafsi, na inauliza maswali yanayoweza kujibiwa na mtu wa kawaida. Je, angehesabiwa mwajiriwa kama angefanya kazi hiyo bila kampuni? Je, kazi inafanyika hasa kwenye majengo ya mteja, chini ya uangalizi wake? Je, zaidi ya asilimia 80 ya mapato ya huduma yanatoka kwa mteja mmoja? Jibu la ndiyo kwa mojawapo linatosha kumlazimisha mteja akate kodi ya mshahara. Lakini kama kampuni hiyo imeajiri watu watatu au zaidi kwa muda wote, wasio ndugu wa mwenye kampuni, inaachwa huru. Kanuni hiyo inamtenganisha fundi wa Kebirigo mwenye mafundi wanne na mchanganya zege, ambaye ni mfanyabiashara hata kama mwaka huu anajengea mteja mmoja, na mpima ardhi aliyevishwa kampuni ili ofisi isimwandikie barua ya ajira.

Pingamizi la kwanza nitakalolijibu ni la gharama. Mwajiriwa haruhusiwi kutoa nauli yake wala bando la intaneti kwenye kodi, lakini kampuni inaruhusiwa kutoa gharama zote za kutafutia mapato: kompyuta, mafuta, kodi ya ofisi, mhasibu. Ni kweli, na kwa mtu mwenye gharama nyingi za kweli hesabu yangu ya juu inageuka. Ila tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki, isipokuwa chache zilizosamehewa. Fikiria gharama halisi za mtu anayefanya kazi Kebirigo na Nyamira mjini: bodaboda ya asubuhi, chai na mandazi ya wageni, fundi aliyerekebisha printa, mama aliyekodisha viti vya mkutano. Hakuna hata mmoja kati yao atakayetoa ankara ya kielektroniki. Mabadiliko ya mwisho wa 2024 yanamruhusu mnunuzi aandike mwenyewe ankara kwa niaba ya muuzaji ambaye mauzo yake hayafiki Sh5,000,000 kwa mwaka, na hiyo ni nafuu kwenye karatasi. Sijui ni mwendesha boda gani atakubali kutoa PIN yake kwa safari ya shilingi hamsini. Na anayepata Sh100,000 kwa kukaa kwenye meza ya mteja, kwa kompyuta ya mteja, ana gharama gani hasa za kukata?

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini: kuna kodi ya mauzo. Aliye na mauzo kati ya Sh1,000,000 na Sh25,000,000 kwa mwaka hulipa asilimia 3 ya mauzo yote na kumaliza, na kampuni nazo zimeruhusiwa kuingia humo tangu 2020. Kwa mfano wetu hiyo ni Sh36,000 kwa mwaka badala ya Sh360,000. Hii ndiyo hesabu inayozunguka saiba na vituo vya matatu, na kama ingekuwa halali ningefunga kalamu. Lakini sheria imeyaondoa wazi malipo ya usimamizi, ya kitaaluma na ya mafunzo kwenye kodi hiyo, na tumeona jinsi inavyoyafafanua kwa upana. Kodi hiyo ni ya mwenye duka la vifaa na mwenye hoteli. Mshauri anayejiandikisha humo anaacha ushahidi dhidi yake mwenyewe, kwa sababu mteja wake alipozuia asilimia 5 aliandika kwenye iTax kwamba ni malipo ya kitaaluma, na KRA inazo rekodi zote mbili katika mfumo mmoja. Kodi ikidaiwa upya inakuja na riba, na pale ambapo Kamishna ameamua kwamba mpango ulikuwa wa kukwepa, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inaruhusu adhabu ya mara mbili ya kodi iliyokwepwa. Atakayedaiwa ni kijana. Mteja alikata asilimia 5 zake, akazipeleka, yuko salama.

Wengine husema sheria tuliyo nayo inatosha, kwa sababu kifungu cha 23 cha Sheria ya Kodi ya Mapato tayari kinampa Kamishna uwezo wa kuupuuza mpango ambao lengo lake kuu ni kukwepa kodi. Kifungu hicho kinanifaa katika hoja yangu kuliko kinavyowafaa wao. Kama hesabu zangu ni sahihi, lengo kuu la kampuni ya mtu mmoja mara nyingi si kodi hata kidogo. Kijana hakuokoa kodi. Alilipa zaidi au alidaiwa zaidi. Mteja naye alichookoa ni likizo, notisi na michango, ambavyo si kodi ya mapato. Unawezaje kumshtaki mtu kwa kukwepa kodi ambayo imelipwa kwa wingi zaidi na mwingine? Chombo kilichotengenezwa kumsaka mkwepaji hakiwezi kumwona mwajiri aliyejificha.

Pingamizi zito ni la waajiri, na halipaswi kupuuzwa. Wanasema kwamba ukimlazimisha mteja akate PAYE na kulipa michango kwa kila mshauri, ataacha kuwachukua washauri, na vijana watakosa hata hizo ankara. Uingereza baada ya 2021 mambo yalikwenda hivyo kwa sehemu: mabenki na kampuni kadhaa kubwa zilikataa kabisa kushughulika na kampuni za mtu mmoja, na watu waliokuwa huru kwelikweli wakapigwa marufuku pamoja na wasio huru. Ndiyo maana naupendelea mlango wa Afrika Kusini, ambao unaangalia vitu vinavyohesabika na kumwachia huru aliyeajiri wenzake. Lakini tuwe wakweli kuhusu kinachohofiwa kupotea. Kama ofisi inamhitaji mtu kila siku kwa miaka miwili, haitaacha kumhitaji kwa sababu ya Sh5,870. Itanung'unika, kisha italipa, au itampunguzia mshahara kidogo ili zitoshe. Hata akipunguziwa hadi Sh94,500 kama mwajiriwa, atabaki na kama Sh68,000 mkononi, mbele bado ya Sh66,500, akiwa na NSSF na likizo. Nafasi zitakazopotea kweli ni zile ambazo thamani yake yote ilikuwa ni urahisi wa kumwondoa mtu.

Kuna pia wanaoipenda hali hiyo na hawataki kuokolewa. Mtaalamu wa kompyuta mwenye wateja watano, wawili Nairobi, mmoja Kisii, wawili ng'ambo, hataki likizo ya mtu. Sawa kabisa. Kipimo cha asilimia 80 hakimgusi, na swali la majengo ya nani halimhusu kwa kuwa anafanyia kazi kwake. Ninachokataa ni kutumia mfano wake kumtetea mwajiri wa fundi wa maabara ambaye hajawahi kuwa na mteja wa pili na mkataba wake unamkataza kuwa naye.

Ugumu mkubwa wa pendekezo hili uko serikalini. Kanuni za Usimamizi wa Fedha za Umma kwa kaunti, za 2015, zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimeshindwa kubaki chini ya mstari huo. Anayelipwa kwa ankara haonekani kwenye fungu la mishahara; anaonekana kwenye matumizi ya huduma. Kanuni iliyotungwa kudhibiti mzigo wa mishahara imezipa kaunti sababu ya kuwageuza watumishi wawe wanakandarasi. Na wanakandarasi wa kaunti wanajua mwisho wake. Mwajiriwa wa kaunti akicheleweshewa mshahara hadaiwi PAYE ya pesa ambayo hajalipwa. Mwenye kampuni anatozwa kodi ya mapato aliyoyastahili mwaka ule hata kama hundi haijatoka, na kama amesajiliwa kwa VAT, asilimia 16 inadaiwa tangu alipotoa ankara. Kufikia mwisho wa Juni 2024 madeni ya kaunti ambayo hayajalipwa yalikuwa yamepita Sh bilioni 170 kwa taarifa za Msimamizi wa Bajeti. Katika madeni hayo kuna ankara ambazo KRA ilishachukua au kudai chake, wakati aliyeziandika bado anapiga simu idara ya fedha kila Jumatatu.

Kwa hiyo sheria ya kumkamata anayelipa ingeanza kwa kuikamata serikali, na hiyo labda ndiyo sababu hakuna wizara iliyoikimbilia. Uingereza ilipitia hapo. Jukumu lilipowekwa juu ya taasisi za umma mwaka 2017, mamlaka ya kodi ilirudi kukagua, na Idara ya Kazi na Pensheni, ambayo ndiyo inayosimamia mafao ya jamii na pensheni nchini humo, ikagundulika kuwa imekosea kuwapanga watu wake na ikalipa pauni milioni 87.9. Wizara ya Mambo ya Ndani ililipa pauni milioni 29.5. Pesa hizo zilitoka mfuko mmoja wa serikali kwenda mwingine, na wapo waliocheka. Lakini bili hiyo haikupelekwa kwa waliofanya kazi. Kwetu, chini ya sheria ilivyo leo, ingetumwa Kebirigo.